Hamkutuuliza: somo la kisima chetu na ramani ya wanawake wa Chad

Na Katibu wa Kamati ya Msikiti, Kilosa

Kisima chetu kilifunguliwa siku ya Ijumaa baada ya swala, kwa dua na masinia ya pilau. Fedha zake zilikusanywa kwa miaka miwili. Wapo waumini waliotoa shilingi mia tano kila wiki, na yupo mjane aliyeuza kuku wake wawili akaleta fedha yote. Mimi ndiye niliyeandika majina hayo katika daftari, na kila jina nililoliandika nililihesabu kuwa ni amana shingoni mwangu.

Miezi minne baadaye nilipita kisimani saa moja asubuhi, saa ambayo foleni ya ndoo ilipaswa kuwa ndefu. Niliwakuta mbuzi wawili wamelala chini ya kivuli cha pampu. Hapakuwa na mtu. Akina mama, kama ilivyokuwa tangu zamani, walikuwa wakiteremka korongoni na ndoo zao kichwani.

Nilimsubiri bibi mmoja aliyekuwa akipanda kutoka huko. Nikamwamkia, akaitika, kisha nikamuuliza kwa nini hawachoti kisimani, ilhali ni karibu zaidi.

“Maji ya upande ule ni ya chumvi, mwanangu,” alijibu. “Sabuni haitoi povu, maharage hayaivi, na chai yake hainyweki. Mama zetu walichimba palepale zamani, wakaacha.”

“Sasa bibi, mbona hamkusema?”

Alitua ndoo yake chini, akanitazama kwa upole, kama mtu amtazamavyo mjukuu aliyevunja chombo bila kukusudia. “Hamkutuuliza,” akasema.

Ni kweli, hatukuwauliza. Kamati ilikaa vikao vitatu chini ya mwembe, wanaume watupu, na tukachagua mahali penye barabara ili gari la kuchimbia lipite kwa urahisi. Tulishauriana, lakini tulishauriana sisi kwa sisi. Jambo hilo lilininyima usingizi. Katika kutafuta wenzetu wengine walifanyaje, nikafika, kwa njia ya kusoma, mbali sana na Kilosa: katika nchi ya Chad, kwa jumuiya ndogo ya wanawake wa Kifulani. Habari zao ndizo ninazotaka kuwasimulia wasomaji wa kurasa hizi za familia.

Binti aliyechekwa kwa harufu ya maziwa

Chad ni nchi ya Afrika ya Kati isiyo na bahari. Kaskazini yake ni jangwa la Sahara, katikati ni nyika kavu ya Sahel, na kusini, kuelekea mipaka ya Kamerun na Jamhuri ya Afrika ya Kati, kuna mito na mashamba. Waislamu ndio wengi katika nchi hiyo. Miongoni mwao wamo Wambororo, tawi la Wafulani ambalo maisha yake ni ng'ombe. Hawa ni watu wa kuhamahama. Mvua inyeshapo huelekea kaskazini yaliko majani mapya, na kiangazi kikiingia hurudi kusini kwenye maji. Mwaka mmoja waweza kuwapeleka mamia ya kilometa.

Katika jamii hiyo alizaliwa Hindou Oumarou Ibrahim. Mama yake hakupata kusoma shule, na huenda kwa sababu hiyohiyo alishikilia kwamba binti zake lazima wasome, hata pale ndugu walipomlaumu. Basi Hindou akalelewa katika mambo mawili: masomo katika mji mkuu wa N'Djamena, na likizo katika kambi za wafugaji pamoja na bibi yake, akijifunza kukamua na kuchunga. Amesimulia mara nyingi kwamba shuleni wenzake walikuwa wakimcheka, wakisema ananuka maziwa.

Watoto wengi wa wafugaji nchini mwetu wanaijua dhihaka hiyo. Wengine huacha shule kwa sababu yake. Wengine huihama jamii yao moyoni, wakakana hata lugha ya mama zao. Huyu binti alishika njia ya tatu. Mwaka 1999, akiwa bado msichana wa shule, alianzisha jumuiya ya kuwatetea wanawake na wasichana wa Kimbororo. Jina lake kwa Kifaransa ni Association des Femmes Peules Autochtones du Tchad, yaani Jumuiya ya Wanawake wa Kifulani Wenyeji wa Chad, na kwa kifupi huitwa AFPAT. Si jumuiya ya kidini, ingawa wanawake inaowahudumia ni Waislamu. Kazi yake ya mwanzo ilikuwa ya kawaida kabisa: haki ya binti kusoma, na shughuli ndogondogo za kumpatia mama kipato chake mwenyewe.

Lakini haikuchukua muda kubainika kwamba huwezi kuzungumza na mama wa Kimbororo juu ya shule na kipato bila kuzungumza naye juu ya maji. Maji yakikosekana, familia huhama. Familia ikihama, mtoto huacha shule. Ng'ombe akikosa majani, maziwa hukauka, na maziwa ndiyo mama anayouza ili anunue nafaka. Kila mlango walioubisha ulifunguka katika chumba kilekile.

Ziwa lililonywea

Ziwa Chad, linalogawanywa na nchi nne za Chad, Kamerun, Niger na Nigeria, lilikuwa na ukubwa wa takriban kilometa za mraba 25,000 mwanzoni mwa miaka ya 1960. Kwa kulinganisha, hiyo ni karibu mara mbili ya Mkoa wetu wa Kilimanjaro. Kisha ukaja ukame mkali wa miaka ya 1970 na 1980, pamoja na matumizi ya maji ya umwagiliaji, na ziwa likapoteza karibu sehemu tisa katika kumi za eneo lake. Tangu hapo maji yamekuwa yakipanda na kushuka, ila ukubwa ule wa zamani haujarejea.

Mfugaji aliyezoea kufika mahali fulani mwezi fulani akakuta maji, sasa hufika akakuta vumbi. Hana budi kuteremka kusini mapema. Na akiteremka mapema, huwakuta wakulima hawajavuna. Ng'ombe hawajui mpaka wa shamba. Hapo ndipo mtama huliwa, fimbo huinuliwa, na wanadamu waliokuwa wakibadilishana maziwa na nafaka kwa vizazi wakazikana. Tena mwaka 2013 vita vilizuka upya katika Jamhuri ya Afrika ya Kati, vikawafukuza Waislamu wengi kutoka makwao, Wambororo wakiwamo, na baadhi yao wakavuka mpaka kuingia kusini mwa Chad na mifugo iliyosalia. Ardhi ikawa ileile, na wanaoihitaji wakazidi.

Msomaji wa mkoa wetu wa Morogoro hahitaji kufafanuliwa habari hii. Mwezi wa Desemba mwaka 2000, katika kijiji cha Rudewa Mbuyuni, humu humu wilayani Kilosa, watu zaidi ya 30 waliuawa katika mapigano ya wafugaji na wakulima. Wapo kati yetu waliowazika.

Ramani ya Baïbokoum

Mwanzoni mwa miaka ya 2010, AFPAT iliwakusanya wafugaji na wakulima katika mji wa Baïbokoum, kusini kabisa mwa Chad, ili wachore ramani ya ardhi yao. Jumuiya hiyo ndogo haikuwa na uwezo wa kulifanya hilo peke yake, hivyo ilishirikiana na wenzi wenye utaalamu, likiwamo shirika la UNESCO na mtandao wa watu wa asili wa Afrika uitwao IPACC. Wataalamu walikuja na njia. Wenyeji ndio waliokuwa na elimu ya mahali.

Njia yenyewe ni rahisi kuieleza. Huchukuliwa mistari ya miinuko kutoka katika ramani ya kawaida, kila mstari ukakatwa katika kipande chake cha kadibodi. Vipande hupangwa kimoja juu ya kingine na kugundishwa, kidogo kidogo, hadi vilima na mabonde yakainuka mezani kama yalivyo duniani. Kisha wenyeji huijaza. Pini huonyesha mahali, kama kisima au kijiji. Uzi huonyesha njia na mito. Rangi huonyesha maeneo, kama msitu, malisho na mashamba. Maana ya kila pini na kila rangi hukubaliwa na wenyeji wenyewe kabla ya kuanza. Baadaye ramani hupigwa picha na kuingizwa katika kompyuta, ili ikae mezani kwa mkuu wa wilaya kama hati inayosomeka.

Mtu asiyejua kusoma huweza kushiriki katika kazi hiyo sawa na msomi, kwa kuwa haisomwi kwa herufi. Mchungaji huuona mlima wake, akautambua.

Kwa simulizi ya Hindou mwenyewe, wanaume ndio waliotangulia. Walitia mito, milima na mapito ya ng'ombe, wakaridhika na kazi yao. Kisha wakaitwa wanawake. Wanawake waliitazama ile ramani, wakatikisa vichwa. Wakaanza kusahihisha: hapa ndipo tunapochuma dawa, pale ndipo tunapookota chakula. Wanaume waliwatazama, na mmoja baada ya mwingine wakaanza kuitikia kwa kichwa kwamba kweli, ndivyo ilivyo. Wanawake hao hawakugombana na waume zao. Walichohitaji ni kusogezwa karibu na meza.

Niliposoma hapo nilikifunga nilichokuwa nikisoma, nikamkumbuka bibi wa ndoo.

Ramani ilipokamilika, palikuwa na kitu ambacho pande zote mbili ziliweza kukinyooshea kidole. Mkulima aliona kwamba shamba lake jipya limeziba pito la ng'ombe la tangu enzi za babu. Mfugaji aliona mahali ambapo pito lake linapita katikati ya shamba la watu. Mjadala ukahama kutoka “ninyi daima mnatuonea” ukawa “mstari huu tuusogeze wapi”. Kujadili mstari ni rahisi kuliko kujadili chuki.

Bibi anayesoma upepo

Jambo la pili lililonivutia ni heshima ambayo jumuiya hii imeipa elimu ya wazee. Hindou hupenda kueleza jinsi bibi yake anavyoutabiri msimu kwa kutazama upepo unakotoka, ukubwa wa matunda ya miti, nyendo za ndege na tabia ya ng'ombe wake. AFPAT imekuwa ikiwakutanisha wazee wa namna hiyo na wataalamu wa hali ya hewa, ili elimu hizo mbili zisikilizane. Mtaalamu humwambia mfugaji kwamba mvua za mwaka huu zitakuwa haba nchini. Bibi humwambia mtaalamu ni bonde gani litakalobaki na majani hata hivyo.

Kazi hiyo iliyoanzia katika kambi za ng'ombe imefika mbali. Tarehe 22 Aprili 2016, Mkataba wa Paris wa mabadiliko ya tabianchi ulipotiwa saini New York, Hindou alikuwa miongoni mwa waliosimama kuzungumza mbele ya viongozi wa dunia. Mwaka 2021 alipewa tuzo ya Rolex kwa ajili ya kuiendeleza kazi ya ramani. Mwaka 2024 akawa mwenyekiti wa Jukwaa la Kudumu la Umoja wa Mataifa linaloshughulikia masuala ya watu wa asili. Binti aliyechekwa kwa kunuka maziwa hakujipaka manukato ili akubalike huko. Alikwenda na maziwa yake.

Nisije nikawapa wasomaji picha ya muujiza. Ramani haileti mvua. Haiwezi kumzuia mtu mwenye bunduki, na Chad wapo wengi wenye bunduki. Mapigano ya wafugaji na wakulima bado yanaua watu katika nchi hiyo, na jumuiya moja ya wanawake haiwezi kuyamaliza. Inachoweza ni kufika mahali pamoja, kuwaketisha watu wa mahali hapo, na kurudi tena mwaka unaofuata kwa kuwa ni mahali pao pia. Mashirika makubwa yana magari na fedha, lakini mradi ukiisha nayo huondoka. Jumuiya ndogo ya wenyeji haina pa kuondokea.

Majivu na katani uani mwa msikiti

Niliwasomea wajumbe wa kamati habari hizi. Hatukuwa na kadibodi wala wataalamu. Tulikuwa na ua wa msikiti, debe la majivu, na kamba za katani, kwa kuwa hapa Kilosa katani haikosekani. Tukaitisha kikao cha Jumamosi baada ya adhuhuri, na safari hii tukawaalika akina mama: wakulima wa kijiji, na kina mama wa Kimaasai wanaoleta maziwa sokoni. Sharti lilikuwa moja. Kwa saa ya kwanza wanaume wangeketi nyuma na kunyamaza.

Haikuwa rahisi. Mzee mmoja wa kamati, mtu ninayemheshimu kama baba yangu, alinong'ona kwa sauti ya kusikika: “Kijana wetu amesomea dini chuoni, leo anatuletea mchezo wa kitoto uani.” Akainuka, akaenda zake.

Akina mama nao mwanzoni waliona haya. Kisha yule bibi wa ndoo akashika ncha ya kamba, akaitandaza kuwa korongo. Mwingine akaweka magunzi ya mahindi kuwa nyumba. Mama wa Kimaasai akamwaga majivu kuonyesha wanapopitisha ng'ombe asubuhi, na hapo tukaona kwa macho yetu kilichokuwa kikisababisha ugomvi kila kiangazi: pito la ng'ombe na njia ya ndoo hukutana mahali pamoja, saa ileile. Kwa nusu saa nzima sauti zilipanda. Nilitamani kuingilia. Sharti langu mwenyewe lilinifunga mdomo.

Wakakubaliana sehemu mbili zenye maji matamu, kwa ushahidi wa visima vya mikono vya bibi zao. Na tulipofika kwenye jiwe tuliloliweka kuwa kisima chetu kilichoshindikana, nilidhani tutalipita kwa aibu. Mama mmoja wa Kimaasai akaliinamia. “Haya maji ya chumvi,” akasema, “ng'ombe wetu watayanywa. Wekeni birika pale, nasi tutaacha kuteremka korongoni.”

Palikuwa kimya. Mwaka mzima sisi wanaume wa kamati tulikuwa tukijadili namna ya kukificha kisima kile katika hesabu. Na jibu lilikuwa kwa mama aliyekuja sokoni kila wiki, akapita mbele ya msikiti wetu na kibuyu chake cha maziwa.

Kazi bado haijaisha, nami nisiseme zaidi ya yaliyopo. Kabla ya kuchimba tena, tunawasubiri watu wa maji wa wilaya wapime sehemu zile mbili. Fedha tulizonazo hazitoshi. Birika la saruji ndilo lililojengwa kwanza, kwa nguvu za vijana wa kijiji na wa Kimaasai, na asubuhi sasa kisima chetu kina foleni, ingawa ni ya ng'ombe. Njia ya ndoo imebaki ya ndoo. Kiangazi kilichopita hapakuwa na ugomvi korongoni. Kiangazi kijacho, Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye.

Wapo wasomaji ambao misikiti yao au familia zao zinakusanya sadaka kwa ajili ya kisima, madrasa au zahanati, iwe hapa nchini au kwa ndugu zetu wa Chad, Kongo na Jamhuri ya Afrika ya Kati. Kwao nina ombi dogo. Kabla ya kuuliza itagharimu kiasi gani, ulizeni nani atakayeitumia kila siku, na je, ameketi kikaoni. Na jumuiya ndogo ikija kuomba msaada, isipimwe kwa uzuri wa makaratasi yake tu. Muulizeni aliyetumwa ajue jina la korongo, na jina la mama anayechota humo.

Yule mzee aliyeondoka kikaoni hakunisemesha kwa wiki nzima. Ijumaa iliyofuata, baada ya swala, alinishika mkono nikiwa natafuta viatu vyangu mlangoni.

“Katibu,” akasema, “ile ramani yenu ya majivu. Kuna chemchemi ndogo nyuma ya shamba langu, mama yangu ndiye aliyekuwa akiisafisha. Mliiweka?”

Hatukuwa tumeiweka. Hakuna aliyekuwa akiijua. Nikatoa daftari, lile lile la sadaka, nikaiandika hapo hapo.

Wabillahi tawfiq.